Mwanamke wa Kitenge cha Kijani

Siku hiyo Kasoki aliteremka kilima bila kuangalia anapokanyaga, na matope ya Masisi hayana huruma na mtu wa namna hiyo. Aliteleza, akajishikiza kwenye ua wa watu, akaendelea. Kiatu kimoja kikanasa, akarudi kukichomoa, akakivaa hivyo hivyo na udongo wake. Ungemwona ungedhani amefiwa. Kumbe ni mapenzi tu, na mapenzi yakishapata habari mbaya hayangoji njia ikauke.

Habari yenyewe aliletewa na rafiki yake Noëlla, ambaye huenda Kashebere kununua mawese, na hurudi na mawese pamoja na kila kilichosemwa barabarani.

"Dada, nilimuona na macho yangu," Noëlla alimwambia asubuhi ile, hata dumu hajalitua. "Magloire na ile gari yake. Pembeni yake mwanamuke. Munene hivi, kitenge ya kijani, amefungwa mukanda kama bibi ya shefu. Hata kichwa hageuze kusalimia batu!"

"Pengine ni mama yake."

"Mama Sidonie iko mwembamba sawa fimbo. Ule alijaa kiti yote."

Kasoki alicheka, kwa kuwa mtu hucheka kwanza. Kisha akaingia depo, ghala la baba yake, akajifanya anapanga magunia, akalia humo mpaka kamasi.

Msichana mwingine angenuna, akasubiri mwanamume ajilete. Kasoki hakuwa na nafasi hiyo. Jioni ile ile baba yake, Papa Omer, mfanyabiashara wa Butembo mwenye depo pale Masisi na malori ya Fuso yanayopanda na chumvi na kushuka na maharagwe, alikuwa apige simu kwao Butembo kuwajibu wazee wa Hilaire. Huyo Hilaire ana duka la mabati na misumari, ana nyumba ya ghorofa, na kanisani hukaa benchi la mbele. Kasoro yake ni moja tu: Kasoki hampendi. Papa Omer alikuwa amempa binti yake mpaka jioni aseme ndiyo, au aseme kwa nini hapana. Na hapana yake yote ilikuwa ni kijana mmoja fundi wa magari, mtoto wa wakulima wa kilimani, ambaye sasa inasemekana anatembeza mwanamke wa kijani mpaka Kashebere.

"Naenda kumuuliza," alijiambia. "Akikubali kama ni kweli, basi, naolewa Butembo, nizeeke na misumari."

Magloire alikuwa uani kwao, chini ya gari. Hili gari tulieleze kidogo, maana lilikuwa na sifa kuliko mwenyewe. Alilijenga kwa mikono yake: shasi ya mabomba aliyochomelea, injini ya Toyota iliyokwisha kuzikwa na mwenye nayo, na mwili wa mabati aliougonga kwa nyundo ya mbao mpaka majirani wakaja kuomba amani. Halina paa. Lina viti viwili tu, na liko chini kiasi kwamba kuku hulirukia badala ya kulizunguka. Watu waliliita Sabuni, kwa jinsi lilivyoteleza likipita.

Alichokuwa anafunga siku hiyo ni chuma kirefu chenye mikono miwili, ambacho mafundi wa huko hukiita bare. Kinalala chini ya gari kutoka gurudumu la huku hadi la kule, na kazi yake ni kulizuia gari lisilale ubavu kwenye kona. Ya mbele alikwisha kuifunga, hii ilikuwa ya nyuma. Kila mkono aliutoboa matundu matatu, apate kuikaza au kuilegeza kwa kufuata barabara. Kasoki hakuyaona hayo. Aliona buti mbili za mpira zimechomoza chini ya gari, akasimama mbele yake kama askari wa forodha.

"Magloire!"

Buti zilitikisika. "Kasoki? Ngoja, usiguse gari."

"Sikukuya kugusa gari. Nilikuya kuuliza. Mwanamuke ya kitenge ya kijani ni nani?"

Chini ya gari ikatoka sauti ya kujikunyata. "Nani alikuambia?"

Wanaume jamani! Mwanamume akikuuliza nani alikuambia, tayari umeshajibiwa.

"Kwa hiyo iko."

"Iko. Lakini Kasoki—"

"Iko, na unasema na mudomo yako! Baba anapiga simu leo jioni. Leo! Nilimwambia kama siolewe na Hilaire juu iko muntu moja anangoja. Nimesema hivyo mbele ya baba yangu, Magloire. Nimevua haya yangu yote juu yako. Na weye unafunga muntu mukanda, unamupeleka Kashebere!"

"Iko hapa juu yangu," sauti ikasema.

"Nani?"

"Ule mwanamuke. Inua macho umuangalie."

Kasoki akainua macho. Kwenye kiti cha abiria alikaa mama mmoja mnene, kitenge cha kijani mpaka kifuani, mkanda umempita begani kwa heshima zote. Kichwa chake kilikuwa fundo la kamba ya mkonge. Lilikuwa gunia la maharagwe.

Akalitazama. Akalikaribia, akalibonyeza kwa kidole, likalia krr kama maharagwe yanavyolia. Aibu ikampanda kutoka kwenye vile viatu vya matope mpaka masikioni.

Magloire akajikokota kutoka chini ya gari, uso umepakwa grisi upande mmoja, macho yanacheka lakini yanaogopa kucheka. Kasoki aliyajua macho hayo. Aliyaona mara ya kwanza deponi, siku kijana alipoleta mavuno ya mama yake kupimwa, na tangu siku hiyo akawa analeta maharagwe kidogo kidogo, beseni kwa beseni, apate sababu ya kurudi.

"Bare haifungwake gari ikiwa tupu," alieleza polepole. "Unaifunga na uzito ya batu bake ndani. Ukiifunga tupu, siku batu banaingia inaanza kuvuta, gari inakaa upande, inapinda. Basi mu kiti yangu niliweka bidoni ya maji, sawa na kilo zangu. Na mu kiti ya pili..."

"Mu kiti ya pili?"

"Siku moja ulipanda ju ya mizani, mule mu depo, mukicheka na Noëlla. Nilikuwa mulangoni. Niliona mushale."

Kasoki akafunga mdomo kwa kiganja. "Uliona kilo zangu!"

"Niliona."

"Ukaenda kuzipima mu gunia!"

"Sikuambia muntu. Gunia tu njo inajua."

Alitaka kukasirika. Alijitafutia hasira kila mfuko wa moyo, hakuipata. Alichopata ni kitu kingine, kizito na kitamu: kwamba mtu huyu alikuwa ametengeneza gari zima kwa kumhesabu yeye ndani, hata kabla hajajua kama atakuja kulikalia.

"Na kitenge juu ya nini?"

"Ile ni mbegu ya Mama. Alisema ikilowana, nitampandia shamba yote na meno."

"Kashebere ulienda kufanya nini na mbegu ya mama yako?"

Hapo Magloire akainamisha kichwa, akawa anafuta spana iliyokwisha futwa. "Gunia ilikuwa ya kujaribu bare ya mbele mu njia. Nilienda kwa baba mukubwa, Papa Grégoire. Baba yangu alikufa, ye njo wa kunisemea kwenu. Alikubali, Kasoki! Alifurahi mpaka akaimba. Lakini alipoona Sabuni akasema yeye haingie mu jeneza isiyokuwa na kifuniko. Na ju ya pikipiki hawezi kukaa, iko mugonjwa ya muguu. Nikarudi na gunia."

Kasoki akaegemea gari. Hivyo basi kumbe yuko mtu anayempenda, na yuko mzee wa kumposa, na kilichokosekana ni njia tu ya kumfikisha mzee. Na jua lilikuwa limeshaanza kuegemea milima.

"Jioni ni leo," akasema.

"Ninajua."

Wakatazamana. Sitasema walitazamana kwa muda gani. Wenye kupenda wanaujua muda huo, wasiopenda hata ukiwaambia hawatauamini.

Aliyewazindua ni Mama Sidonie. Aliingia kutoka barabarani, jembe begani, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua mkanda, akalivua gunia kitenge.

"Mvua imepiga, udongo iko tayari. Mbegu haikae mu gari kama bibi-arusi," akasema. "Kasoki, mutoto yangu, umekuya? Vizuri."

"Mama, sijamaliza!" Magloire akalalamika. "Nitapata wapi uzito ya ule upande?"

Mama Sidonie akalipandisha gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akamtazama Kasoki juu mpaka chini kama anayechagua ndizi sokoni. "Huyu si anatosha?" akasema, akatoka, amebeba kilo zote za mkwe wake akielekea nazo shambani.

Ndivyo Kasoki alivyoingia kwenye gari. Alivua viatu kwanza, kwa adabu. Kiti kilikuwa chini sana, akajiona kama amekaa kwenye beseni, na mkono wake ukining'inia unagusa nyasi. Magloire alimpa bulo, yaani bolti, za kushika, akazipanga kwenye mapaja juu ya kitenge alichojifunga, akarudi chini. Kila alipohitaji moja, mkono mweusi wa grisi ulichomoza ubavuni, naye akaiweka kiganjani. Vidole vilikawia kidogo kuliko kazi ilivyodai.

"Usijitikise," sauti ya chini ikasema. "Nafunga huku, ya kule iko wazi bado. Ukitoka sasa, yote ni bure."

"Sitoki."

Ndipo lango likagonga ukuta, na Papa Omer akaingia kumtafuta binti yake.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini kukutwa umekaa ndani yake, peku, na baba yako mzazi, hiyo ni habari nyingine. Papa Omer alikuwa na koti lake la kwenda misa na simu mkononi. Alisimama. Alimtazama binti yake, akazitazama buti, akamtazama tena binti yake.

"Kasoki. Toka mu hii kintu."

"Papa, siwezi."

"Unasema?"

"Anafunga upande moja, Papa. Nikitoka kabla amalize, kazi yote inaharibika."

Baba mwingine angemvuta mkono. Lakini Papa Omer amekula na kulala na malori tangu ujana, na kuna sheria moja ambayo hata hasira haiivunji: fundi akiwa chini ya gari, hakuna anayeligusa. Alipumua kwa pua. Akaona kreti ya bia imepinduliwa, akaikalia, koti la misa na yote.

"Basi amalize," akasema. "Nangoja."

Spana ikaendelea kulia. Na hapa palikuwa na shida. Kijana mwenye adabu hasemi habari ya ndoa na baba wa msichana uso kwa uso. Husemewa na mzee wake. Lakini Magloire hakuwa uso kwa uso na mtu. Uso wake ulikuwa chini ya gari.

"Kasoki," Papa Omer akaanza, macho kwenye buti. "Muntu anajenga gari ya batu wawili. Mutoto atakaa wapi? Miye na mama yako tukikuya kuwatembelea, tutakaa wapi? Ule ni muntu wa kuwaza leo tu."

"Kasoki," sauti ya chini ikajibu, "ambia Papa kama hii nilijifunzia. Muntu haanze kushona na suti. Ya pili itakuwa na viti ya kutosha batu bote."

"Sikuuliza yeye," akasema Papa Omer. "Hiyo chuma anafunga ni ya nini?"

Kasoki akainama ubavuni. "Papa anauliza—"

"Nimesikia. Ambia Papa, gari ikikata kona inataka kulala. Hii inashikanisha mugurudumu ya huku na ya kule. Ya huku ikizama, inavuta ya kule chini, gari inalala kidogo tu. Lakini ukiikaza sana mu barabara ya mawe kama hii yetu, mugurudumu moja inabaki hewani. Juu ya ile nikatoboa tundu tatu. Leo nafunga ile ya laini."

Kasoki alimwona baba yake akilishika goti lake, akajua yuko wapi. Yuko kwenye kona ya kushukia Sake, ambako Fuso lao lililala ubavu na mzigo wote, na Trésor, kaka yake Kasoki, akiwa juu ya mzigo, wala hakupona. Tangu siku hiyo mzee akipanda gari hushika mlango kila kona, hata kona ndogo, hata gari likienda mwendo wa ng'ombe. Kasoki alikuwa amedhani baba anamchukia Magloire kwa sababu ya shamba na kilima na ukoo. Sasa aliona woga mtupu umekaa juu ya kreti ya bia.

"Anaendesha mbio?" Papa Omer akauliza, sauti imeshuka.

"Hapana, Papa," Kasoki akasema. "Batu banasema mbio juu ya ile umbo yake. Yeye anaenda na maharagi ya mama yake, amefunga mukanda. Gunia, Papa! Aliweka gunia ya uzito yangu mu hii kiti, akaifunga mukanda, ili siku nikiingia gari isipinde."

"Gunia ya uzito yako."

"Ndiyo."

Mzee akakitazama kile kiti. Alikitazama kama anavyotazama mzigo kabla ya kuruhusu lori liondoke, upande huu, upande ule.

"Na weye unasema nini?" akamuuliza hatimaye. "Jioni imefika. Sema na mudomo yako."

Kasoki akamtazama baba yake usoni. "Nampenda, Papa. Hilaire hajafanya ubaya. Lakini nikiolewa kule nitakuwa nakaa mu nyumba ya muntu, nikiwaza nyumba ya muntu mwingine. Haitakuwa haki kwake wala kwangu. Nampenda huyu."

Spana chini ya gari ilikuwa imenyamaza.

Papa Omer akainuka, akajikung'uta koti. Akapiga simu pale pale, akasalimia kwa Kinande cha kwao salamu ndefu za kiungwana, akauliza habari za mvua na za wagonjwa, kisha akasema maneno machache ambayo Kasoki aliyasikia yote: kwamba anawaomba radhi wazee, binti yake ana mtu, na asingependa kumpa mwana wa watu mke asiyemtaka. Akafunga simu. Ilimgharimu, ungeona mabegani.

"Miye sijasema na kijana yoyote hapa," akamwambia Kasoki. "Tunaelewana? Nilikuya, nikaona buti, nikaenda zangu. Maneno ya ndoa yataletwa na mzee."

"Papa, mzee wake iko Kashebere, na hawezi kupanda—"

"Niliuliza?" Akaelekea langoni. Kabla ya kutoka akasimama, amewapa mgongo. "Fuso inaenda Kashebere kesho na chumvi. Ikirudi, kiti ya mbele iko tupu. Nitaambia shoferi asiendeshe mbio, na kwa kila kona asimame kwanza. Kama iko muzee wa huko anataka lifti, si mambo yangu."

Akatoka. Kasoki alibaki amekaa, anacheka na machozi yanamdondoka mapajani, hajui lipi lianze. Baba wa msichana amtumie mposaji lori! Likisikika Butembo, watacheka mwaka mzima.

"Magloire," akaita. "Amekwenda. Toka."

"Bado." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua. "Imebaki bulo moja."

Kasoki akatazama mapaja yake. Hapakuwa na bulo hata moja, alikwisha kumpa zote. Akateremsha mkono ubavuni mwa gari mpaka ukagusa nyasi, akaufungua, na mkono wa grisi ukaja ukaushika.